Fimbo, Mpira na Chepeo: Historia ya Zana za Lakrosi Ikitazamwa kutoka Makomeno

Katika mtaa wa Makomeno, ulio ndani ya komini ya Lubumbashi katika mji wenye jina hilohilo, mkoani Haut-Katanga, mchezo unaotawala ni kandanda, kama ilivyo katika mitaa yote ya mji huo ulioanzishwa mwaka 1910, wakati reli kutoka kusini ilipoifikia nchi ya shaba. Sababu za utawala huo ni nyingi, zikiwemo shule za wamisionari, kambi za wafanyakazi na ufadhili wa makampuni, lakini iliyo ya msingi ni uchache wa vitu ambavyo kandanda huvidai: kiwanja cha vumbi, mawe mawili ya kuonyesha goli, na mpira ambao watoto huweza kuufuma wenyewe kwa matambara na mifuko ya plastiki iliyokazwa kwa kamba.

Kinyume chake ni lakrosi, mchezo wa asili ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, ambamo wachezaji wa timu mbili hubeba fimbo zenye mfuko wa wavu kwenye ncha, na kwa fimbo hizo hudaka, hubeba na kurusha mpira mdogo mgumu, wakikusudia kuuingiza katika goli la mraba lenye upana na kimo cha mita 1.83. Mchezaji wa kiume wa lakrosi ya uwanjani haruhusiwi kuingia mchezoni bila chepeo, yaani kofia ngumu ya kukinga kichwa, pamoja na glavu, kinga za mabega na kifaa cha kukinga meno. Na golikipa huongezewa kinga ya koo na ya kifua. Kwa msomaji wa Lubumbashi, orodha hiyo hukumbusha zaidi mavazi ya mfanyakazi wa mgodini kuliko ya mwanamichezo, na ulinganifu huo si wa bahati tu, kwa kuwa mgodi na uwanja vilijifunza kuukinga mwili kwa njia moja, na katika karne moja. Insha hii inazifuata zana za lakrosi tangu fimbo ya mti hadi chepeo ya plastiki, na hatimaye hadi Uganda na Kenya, ikishikilia kwamba kila kinga ni kumbukumbu ya jeraha lililotangulia, na kwamba kinga hiyohiyo inayomlinda aliyeipata humfungia mlango asiyeweza kuinunua.

Fimbo ya mti

Mababu wa mchezo huu hawakuwa na fimbo ya aina moja. Mataifa ya kusini-mashariki, kama vile Wacherokee na Wachoctaw, walicheza, na hucheza hata leo, kwa fimbo mbili fupi, moja kila mkono, zenye vikombe vidogo ambavyo huubana mpira katikati yake. Watu wa Maziwa Makuu ya Amerika, wakiwemo Waojibwe, walitumia fimbo moja yenye duara dogo lililofungwa, ambayo kwa umbo ilikaribia upawa wenye mpini mrefu. Haudenosaunee, yaani shirikisho la mataifa ambayo Wafaransa waliyaita Wairokwa, walikuwa na fimbo ndefu iliyopindwa nchani kama mkongojo, kisha pembe ya mpindo huo ikajazwa wavu wa ngozi. Na fimbo hiyo ya tatu ndiyo iliyozaa zana za lakrosi ya kisasa. Jina la Kifaransa la mchezo linatokana na neno linalomaanisha fimbo iliyopinda, na mwaka 1636 mmisionari Mjesuiti Jean de Brébeuf alikwisha kulitumia neno hilo alipoandika habari za mchezo wa Wahuron, taifa jingine la wenyeji.

Namna ya kuitengeneza fimbo hiyo inastahili kuelezwa kwa ukaribu, kwa kuwa humo umo ustadi wote wa mchezo. Fundi huchagua mti wa hikori, ambao ni mti mgumu wa Amerika Kaskazini wenye nyuzi ndefu zilizonyooka, kwa jicho lilelile ambalo mtu wa Katanga huchagulia mti wa mpini wa shoka, akiepuka wenye vifundo na uliojisokota. Gogo hupasuliwa kwa kabari kufuata nyuzi zake, wala halikatwi kwa msumeno, kwa maana msumeno hukata nyuzi na fimbo yenye nyuzi zilizokatwa huvunjika kwa pigo la kwanza. Kipande huchongwa, huvukizwa kwa mvuke mpaka kilainike, hupindwa nchani, hufungwa kwa waya ili kisirudi kilivyokuwa, kisha huachwa kikauke kwa miezi mingi kabla ya kuchongwa tena, kutobolewa matundu na kufumwa wavu wa ngozi na utumbo wa mnyama. Alf Jacques wa taifa la Onondaga, aliyefariki mwaka 2023 baada ya kuzichonga fimbo hizi kwa takriban miaka 60, alikuwa mmoja wa mafundi mashuhuri waliouhifadhi utaratibu huo, ambao tangu kuangusha mti hadi kumaliza wavu huweza kuchukua karibu mwaka mzima.

Kwa Haudenosaunee fimbo ni zaidi ya kifaa, kwa sababu mchezo wenyewe husemwa kuwa ni zawadi ya Muumba, na huchezwa pia kama dawa ya kumponya mgonjwa au ya kuituliza jamii iliyopatwa na msiba. Kwa mujibu wa desturi yao, mtoto wa kiume huwekewa fimbo ndogo anapozaliwa, na mzee huzikwa pamoja na fimbo yake. Katika mchezo huo wa dawa, fimbo inayokubalika ni ya mti peke yake, hata leo ambapo maduka yamejaa za plastiki.

Mabadiliko makubwa ya kwanza hayakuletwa na mafundi bali na kanuni. Mwaka 1856 iliundwa klabu ya lakrosi ya Montreal, na mwaka 1867 daktari wa meno wa mji huo, William George Beers, aliandika kanuni zilizopunguza wachezaji hadi 12 kila upande, zikaupimia mchezo uwanja, na zikaweka mpira wa raba mahali pa ule wa ngozi iliyojazwa manyoya au wa mti. Mchezo uliokuwa wa mamia ya watu katika mbuga pana ukageuka kuwa wa vilabu vya mabwana wa mjini, na mwaka 1880 shirikisho la lakrosi la Kanada likaamua kwamba mashindano yake ni ya waridhaa tu, yaani wasiochezea malipo, uamuzi ambao uliwatoa nje wenyeji waliokuwa wakilipwa ili kugharimia safari zao. Wenye mchezo wakabaki watengenezaji wa fimbo kwa ajili ya wengine: katika karne ya 20 kiwanda cha Chisholm, kilichokuwa katika eneo la Wamohawk la Akwesasne, ndicho kilichotoa sehemu kubwa ya fimbo zilizotumika duniani, mpaka kilipoteketea kwa moto mwaka 1968.

Pengo lililoachwa na moto huo lilizibwa na kemia. Mwaka 1970 kampuni ya STX ya Baltimore, Marekani, ilianza kuuza fimbo zenye kichwa cha plastiki, na baadaye mpini wa mti nao ukapisha alumini, titani na nyuzi za kaboni. Fimbo ya plastiki ni nyepesi, kila moja hufanana na mwenzake, na kichwa kikivunjika hubadilishwa bila kuutupa mpini. Ilirahisisha kujifunza na ikaeneza mchezo haraka. Lakini iliuhamisha pia utengenezaji kutoka mikononi mwa fundi aliyeujua mti hadi kwenye kiwanda chenye hatimiliki, na tangu hapo nchi yoyote iliyotaka kucheza lakrosi ilihitaji kwanza fedha za kigeni.

Mpira, utomvu na damu

Kiswahili hutumia neno moja, mpira, kwa utomvu mgumu unaotoka mitini, kwa tufe la kuchezea, na kwa mchezo wenyewe, na umoja huo wa neno unaficha historia nzito katika nchi ya Kongo. Raba iliyomwezesha Beers kubadili mpira wa lakrosi ilikuwa matokeo ya ugunduzi wa Charles Goodyear, ambaye mwaka 1839 alitambua kwamba utomvu ukipikwa pamoja na salfa hauyeyuki kwa joto wala haupasuki kwa baridi. Baada ya John Boyd Dunlop kuunda tairi la upepo mwaka 1888, mahitaji ya raba yalipanda ghafla, na Dola Huru ya Kongo ya Leopold II wa Ubelgiji, iliyodumu kutoka 1885 hadi 1908, ikawalazimisha wanakijiji kugema mimea ya mpira itambaayo msituni kwa mjeledi, kwa kuteka wake zao na kwa kukata mikono. Bidhaa hiyo iliyoingia katika michezo na magari ya dunia ilikuwa na bei ambayo walioinunua hawakuilipa.

Historia ya kandanda ya Lubumbashi nayo imebeba alama ya raba kwa jina. Klabu ambayo leo ni TP Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenedikto wa shule ya Saint-Boniface, ikapewa jina la mtakatifu George, msimamizi wa maskauti, na baadaye ikaitwa Englebert, ambalo ni jina la kampuni ya matairi, kabla ya kuvaa jina la Mazembe. Ikiwa bado Englebert ilitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mwaka 1967 na 1968, na mwaka 2010 ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Mahasimu wake, Saint-Éloi Lupopo, nao wa mwaka 1939, walitoka miongoni mwa wafanyakazi wa reli, na Éloi ni mtakatifu wa mafundi wa chuma. Vilabu viwili vikubwa vya mji vilitokana hivyo na shule na karakana, na vyote viwili viliweza kuanza kwa sababu havikuhitaji kitu ambacho shule au karakana isingeweza kukipata.

Mpira wa lakrosi, kwa upande wake, ni raba tupu isiyo na upepo ndani, wenye mzingo wa takriban sentimita 20 na uzito wa karibu gramu 145, na mtupaji hodari wa kiume huweza kuurusha kwa mwendo unaozidi kilomita 160 kwa saa. Kitu kidogo, kizito na chenye kasi kama hiyo hakikuruhusu mwili ubaki mtupu kwa muda mrefu, na kutoka hapo historia ya kinga ilianza.

Chepeo na kifua

Wachezaji wa karne ya 19 walicheza kwa fulana na kaptura, na makovu yao yalihesabiwa kuwa sehemu ya heshima. Lakrosi ilipoingizwa ndani ya kumbi za hoki ya barafu nchini Kanada katika miaka ya 1930, ambamo kuta za mbao huwarudisha wachezaji mmoja juu ya mwingine, hitaji la kuukinga mwili liliongezeka, na mavazi ya hoki yakaazimwa: glavu nene, kinga za viwiko, kinga za mbavu. Kichwa kilipata kwanza kofia za ngozi, kisha maganda ya plastiki ngumu yenye nyavu za waya mbele ya uso.

Njia hiyohiyo ilifuatwa na kichwa cha mchimba madini. Mwaka 1919 Edward Bullard wa San Francisco alisajili kofia ya turubai iliyovukizwa, ikagandishwa kwa gundi na kupakwa rangi nyeusi, kwa ajili ya wachimbaji waliokuwa wakivaa kofia za ngozi. Nyuma yake zikafuata za alumini, za nyuzi za kioo na za plastiki, ambazo leo huonekana juu ya kila kichwa katika migodi ya Katanga iliyo rasmi. Kanuni ya kazi ni moja kwa chepeo zote mbili: ganda la nje hulitawanya pigo ili lisitue mahali pamoja, na kilicho ndani, uwe mkanda wa kuning’iniza au sponji, huurefusha muda wa pigo ili nguvu inayolifikia fuvu ipungue. Ukomo wake nao ni mmoja, kwa maana chepeo huzuia fuvu lisipasuke lakini haiwezi kuuzuia ubongo usitikisike ndani ya fuvu, na kwa hiyo wataalamu wa lakrosi husisitiza kuwa kanuni inayokataza kumpiga mtu kichwani hulinda kuliko plastiki yoyote.

Glavu zinafundisha jambo jingine, ambalo ni mvutano kati ya usalama na ustadi. Mgongo wa glavu hujazwa sponji kwa sababu ndiko fimbo ya adui huangukia, bali kiganja hushonwa kwa kitambaa chembamba ili mchezaji auhisi mpini ukizunguka. Hata hivyo wako waliokata kiganja chote ili ngozi yao iguse fimbo, mpaka kanuni zikalazimika kukataza. Mtu aliyewahi kumwona fundi akivua glavu zake ili ashike msumari mdogo anaujua mvutano huo.

Kinga iliyochelewa kuliko zote ni ya moyo. Madaktari walitambua kwamba mpira ukimpiga kijana kifuani, mahali pa moyo, katika sehemu ndogo mno ya sekunde ambapo moyo unajiandaa kwa pigo lake lijalo, mapigo huvurugika na kijana aliye mzima kabisa huanguka na kufa, ingawa kifuani hamna mfupa uliovunjika. Vifo vya namna hiyo vilitokea hata kwa waliovaa kinga za kawaida, kwa kuwa zilizuia maumivu tu. Kiwango maalumu cha kinga ya moyo kilichapishwa Marekani mwaka 2017, na kikawa cha lazima kwa magolikipa wa lakrosi ya wanaume na wavulana mwaka 2021, na kwa wachezaji wengine mwaka 2022. Kati ya raba ya Beers na kinga hiyo ilipita miaka 150 na zaidi.

Mchezo wa wanawake na hoja ya kutojikinga

Lakrosi ya wanawake ilishika njia tofauti. Mwaka 1890 wasichana wa shule ya St Leonards, Scotland, walicheza mchezo wa kwanza wa aina yao, na kanuni zilizokua kutoka hapo zilikataza kugongana miili na kupiga fimbo kwa nguvu, zikauacha mfuko wa fimbo uwe wa kina kifupi, na zikawafanya wachezaji wasihitaji chepeo. Hoja iliyotetewa kwa zaidi ya karne ni kwamba mavazi mazito huongeza ujasiri wa kuumiza, na kwamba anayejua uso wa mwenzake uko wazi huuchunga mkono wake.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini macho yaliyopotea yaliipunguza nguvu, na kuanzia mwaka 2005 miwani ya waya ya kukinga macho ikawa ya lazima katika mchezo wa wanawake Marekani. Mwaka 2015 kilitolewa kiwango cha kofia laini za wanawake, na jimbo la Florida likawataka wasichana wa shule za sekondari wavae kinga ya kichwa. Mjadala haujafungwa, na ni mjadala wa maana kwa kila jamii inayopanga mchezo wa watoto wake: kama heri kuongeza kinga, ama heri kuupunguza ukali wa mchezo wenyewe.

Uganda, Kenya na gharama ya kuingia

Afrika Mashariki iliipokea lakrosi takriban mwaka 2010, pale shirika la Fields of Growth la Mmarekani Kevin Dugan lilipoanza kuufundisha mchezo huo nchini Uganda, na fimbo na chepeo za kwanza zilifika kama misaada ya wachezaji na vilabu vya Marekani. Uganda ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kujiunga na shirikisho la dunia la mchezo huo, na mwaka 2014 timu yake ya wanaume ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia, yaliyofanyika Denver. Mafanikio hayo ni ya vijana waliojifunza mchezo wote katika miaka michache. Udhaifu uliofichika ndani yake ni kwamba kichwa cha fimbo kikivunjika Kampala, hakipatikani sokoni wala hakuna fundi wa kukiunga, na timu hungoja begi la mgeni ajaye.

Kenya ilipata somo hilo kwa njia ya kugusa moyo zaidi. Timu yake ya wasichana wa chini ya miaka 19 ilicheza mashindano ya dunia ya mwaka 2019 mjini Peterborough, Kanada, na baadhi ya wachezaji wakawa wanateleza kwenye majani kwa sababu walivaa raba za kawaida za kukimbilia, si viatu vyenye njumu. Timu ya Ireland, iliyokuwa imepambana nao, iliona, ikawatafutia viatu vya njumu na kuwakabidhi. Ukarimu huo ulisifiwa duniani, nao ulistahili sifa; hata hivyo unaonyesha wazi kwamba wasichana waliokwisha kuvuka bahari na kufuzu kwa kila kipimo cha ustadi walikuwa bado wanashindwa na kitu kinachovaliwa mguuni.

Kurudishwa kwa lakrosi katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 2028, baada ya kushindaniwa medali mara mbili tu, mwaka 1904 na 1908, kumeleta matumaini mapya kwa nchi ndogo. Aina itakayochezwa ni ile ya wachezaji 6 kila upande badala ya 10 wa mchezo wa kawaida wa wanaume, katika uwanja mfupi zaidi na bila fimbo ndefu za mabeki, na kwa hiyo timu inahitaji zana chache kuliko zamani. Punguzo hilo la vifaa huenda likaieneza lakrosi kuliko matangazo yoyote.

Somo kwa mji wa shaba

Lubumbashi haikuwahi kujengwa juu ya lakrosi, lakini historia ya zana za lakrosi inauhusu mji huu kwa namna mbili. Kwanza, inaonyesha kwa nini kandanda iliweza kutoka shule ya Saint-Boniface na karakana za reli hadi fainali ya dunia: mchezo ulimpokea kila mtoto kwanza, hata aliyekuja miguu mitupu, na viatu, kinga za ugoko na glavu za kipa vikafuata baadaye, wakati vilabu vilipokuwa na uwezo. Kinga za ugoko zenyewe, ambazo Sam Weller Widdowson wa Nottingham alizibuni mwaka 1874 kwa kukata za kriketi, hazikuwa za lazima katika Kombe la Dunia hadi mwaka 1990. Kandanda ilijenga watu wake kabla ya kudai vifaa vyao, na lakrosi ya kisasa hudai vifaa kabla ya kuwaona watu.

Pili, mji huu unaijua tofauti kati ya kinga na anayeikosa, kwa kuwa katika ardhi ileile ya Katanga yupo mchimbaji mwenye kofia ngumu, buti na taa, na yupo mchimbaji mdogo anayeshuka shimoni kwa kamba akiwa na ndala. Haudenosaunee, walioubuni mchezo na kisha wakafungiwa nje yake, waliiingiza timu yao katika mashindano ya dunia mwaka 1990 kama taifa lao wenyewe, wakiwa bado na mafundi wanaojua kupasua hikori kwa kabari. Kinachobebeka kutoka kwao hadi Kampala, Nairobi na Makomeno ni ustadi wa kutengeneza: karakana zinazochomelea mageti na kunyoosha reli zinaweza pia kuchomelea goli na kushona kinga, na mtoto anayefuma mpira wa matambara jioni ya leo ameshaanza kazi hiyo.